Kutoka Runinga Hadi Sinema: Namna ya Kuandika Filamu ya Vichekesho vya Vijana Kutokana na Tamthilia

Tamthilia ya vichekesho vya vijana ikishapendwa kwa misimu miwili mitatu, hakosekani mtu wa kusema: tutoe filamu. Kazi inaonekana nyepesi, kwa kuwa wahusika wapo, waigizaji wapo na mashabiki wanasubiri. Skripti inayoandikwa kwa haraka hiyo huwa na ugonjwa mmoja: ni episodi nne zilizounganishwa. Dakika 25 za mwanzo zinachekesha, ya 40 inaanza kuchosha, na ikifika ya 60 watu wameshawasha simu zao gizani.

Vichekesho havijapungua. Shida ni kwamba episodi imeundwa ili mwishoni kila kitu kirudi kilipokuwa. Mwongo anabaki mwongo, anayempenda jirani anabaki kumtazama kwa mbali, mwalimu mkali anabaki mkali, ili wiki ijayo kuwe na la kuandika. Filamu ya kukua, yaani ya kijana anayevuka kwenda utu uzima, haina wiki ijayo. Aliyelipa kiingilio amekuja kuona jambo likiisha. Basi kazi ya kwanza ya mwandishi, kabla hajafikiria safari wala kichekesho kikubwa cha kuweka kwenye trela, ni kuamua jambo gani litaisha.

Mifano ya mwongozo huu inatoka hasa kwenye filamu mbili. Ya kwanza ni The Lizzie McGuire Movie ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Jim Fall, kutoka tamthilia ya Disney Channel iliyofikisha episodi 65. Ya pili ni The Inbetweeners Movie ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Ben Palmer na kuandikwa na Damon Beesley na Iain Morris, wenye tamthilia yao ya E4, kituo cha runinga cha Uingereza, iliyokwenda misimu mitatu ya episodi sita sita. Hiyo ya Uingereza iligharimu takriban pauni milioni 3.5 na kuingiza takriban pauni milioni 45 nchini mwao. Moja ni ya familia nzima, nyingine ni ya watu wazima yenye matusi mengi, lakini mifupa yake inafanana kuliko unavyodhani.

Anza na orodha ya madeni

Chukua daftari, tazama episodi zote tangu ya kwanza, na uandike kila jambo ambalo tamthilia ililianzisha bila kulimaliza. Liite deni. Usiandike vichekesho, andika ahadi. Nani anampenda nani na hajasema? Nani anadanganya, na kuhusu nini? Mzazi gani hayupo? Rafiki gani anafanywa punguani na wenzake kila siku na hajawahi kujibu? Tamthilia ya episodi 18 inaweza kukupa madeni 15 hadi 20. Ya episodi 65 itakupa mengi zaidi, ila ukiyachambua utakuta mengi ni lilelile limebadilishwa nguo.

Sasa chagua deni moja kubwa la filamu nzima, na moja dogo kwa kila mhusika mkuu. Ukizidisha hapo, nusu ya pili ya filamu itakuwa watu wanaombana msamaha mmoja baada ya mwingine.

Deni kubwa lipime kwa maswali matatu. Je, mtu ambaye hajawahi kuona hata episodi moja atalielewa kwa sentensi moja? Je, likilipwa, uhusiano wa angalau watu wawili utabadilika? Na je, baada ya kulipwa, tamthilia inaweza kuendelea ilivyokuwa? Kama jibu la swali la tatu ni ndiyo, deni hilo ni dogo mno. Hapa ndipo uongozi wa kituo unapoanza kuvutana na mwandishi, kwa sababu wao wanataka filamu na msimu mwingine wa vilevile. Malizeni mvutano huo mezani mapema. Ukiachwa hadi skripti iwe tayari, wataondoa mwisho wako na kukuachia dakika 80 zisizoelekea popote.

Na kulipa deni si kumpa mhusika alichokuwa anakitaka. Katika The Inbetweeners, Simon, mmoja wa wavulana wanne wa hadithi, alimpenda msichana Carli tangu msimu wa kwanza. Filamu haikumkabidhi Carli kama zawadi. Inaanza kwa kumfanya Simon aachwe, inamburuza likizo nzima akimfukuzia, hadi kufikia kuuza nguo zake zote ili apate tiketi ya sherehe ya kwenye boti, ndipo anapoona kwamba anayemfaa ni Lucy, aliyekuwa karibu yake muda wote huo. Deni limelipwa kwa kufutwa. Katika Lizzie McGuire ni kinyume: rafiki wa utotoni, Gordo, ndiye mwenye mapenzi ya kimyakimya, na filamu inamfanya Lizzie atamani mvulana mwingine kwanza, mwimbaji Paolo, ili mtazamaji apime mwenyewe nani anasimama upande wake mambo yakiharibika.

Mwanya wa wakati

Usiiweke filamu katikati ya muhula. Filamu zote mbili zinasimama mahali pamoja: shule imeisha na kinachofuata hakijaanza. Lizzie amemaliza darasa la nane. Will, Simon, Jay na Neil wa The Inbetweeners wamemaliza shule na wanangoja maisha ya utu uzima. Mwanya huo unakupa tarehe ya mwisho bila kuitafuta, kwa sababu kila mtu anajua kwamba wakirudi hawatakuwa tena darasa moja.

Kwa tamthilia ya shule ya Tanzania mwanya huo uko wazi: kati ya mtihani wa kidato cha nne wa Novemba na siku matokeo yanapotoka mwanzoni mwa mwaka. Majuma yale kijana si mwanafunzi, na bado si kitu kingine. Nyumbani anaulizwa kila siku atafanya nini, na hana jibu. Mwandishi wa vichekesho vya vijana hawezi kuomba mwanya bora zaidi ya huo.

Kwa nini wote wanasafiri

Lizzie anakwenda Roma. Wale wanne wa Uingereza wanakwenda Malia, kisiwani Crete. Kevin na Perry, waliotoka kwenye vichekesho vifupi vya Harry Enfield, walipelekwa Ibiza kwenye filamu yao ya mwaka 2000. Wengi huiga safari wakidhani siri ni mandhari mapya. Mandhari husaidia trela tu. Kazi halisi ya safari ni kuwanyang'anya wahusika vitu vinavyowalinda: mama wa kuwafichia makosa, mwalimu wa kumlaumu, na sifa ya uongo ambayo mtaani watu wameizoea. Mwongo akiwa kwao, kila mtu anajua ni mwongo na maisha yanaendelea. Mpeleke mahali ambapo watu wanamwamini, uone atakavyoumbuka.

Ndiyo maana safari ya kurudi nyumbani nayo inafaa, mradi inyang'anye kitu. Hannah Montana: The Movie ya mwaka 2009 ilimtoa mhusika wake kwenye umaarufu wa California na kumrudisha kwao Tennessee, ambako jina kubwa halikumsaidia.

Kabla ya kuchagua mahali, andika kwa kila mhusika mstari huu: "Akiwa kwao analindwa na ___, huku hana." Nafasi ikibaki tupu kwa wahusika wawili au zaidi, badilisha mahali. Kilomita si hoja. Gesti ya Pangani inaweza kufanya kazi kuliko hoteli ya Dubai, kama mjini walikuwa wanaishi kwa uongo kwamba gesti ile ni ya mjomba wa mmoja wao.

Angalia na mfuko. Sehemu ya picha za Malia zilipigwa Magaluf, Mallorca, na mtazamaji hakupungukiwa na chochote, kwa kuwa mji wa baa na taa unafanana na mwingine. Filamu ya bajeti ndogo hushuti kurasa nne hadi sita kwa siku. Kurasa 95 kwa wastani wa tano ni siku 19, ongeza mbili za akiba. Sini za usiku, yaani vipande vya hadithi vinavyotokea usiku, hula muda karibu mara mbili kwa sababu ya taa, hivyo ukiandika safari ambayo mambo yake yote yanatokea usiku, umeongeza wiki nzima bila kujua. Pwani, epuka Machi hadi Mei. Masika yakikukuta na sini kumi za ufukweni, utaishia kuzihamishia barazani, na skripti haikuandikwa kwa baraza.

Kurasa 95 na zinavyogawanyika

Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya filamu. Lizzie ina dakika 94, The Inbetweeners 97. Lenga kurasa 90 hadi 97. Vichekesho vya vijana vikivuka 100 vinaanza kupoteza pumzi, na kwenye uhariri utakata tu kile ulichokililia.

Kurasa 10 za mwanzo ni za wageni, yaani watu ambao hawakuwahi kufungua kituo chako. Kila mhusika mkuu apate tukio moja linaloonyesha anachotaka na kinachomwangusha. Usiweke muhtasari wa misimu iliyopita. Shabiki anachoshwa nao, mgeni haukumbuki. Lizzie anajikwaa jukwaani siku ya mahafali na kuangusha pazia mbele ya watu wote. Hujaiona tamthilia, lakini umeshajua huyu ni msichana anayeogopa kuaibika hadharani na ambaye aibu humfuata. Baadaye filamu itamsimamisha kuimba mbele ya umati Roma, na mtazamaji tayari anajua kwa nini magoti yanatetemeka.

Pigo linalowatoa nyumbani liwe kabla ya ukurasa wa 15, na wawe wamefika kabla ya wa 25. Skripti nyingi zinachelewa hapa, kwa sababu mwandishi anapenda kuaga kila mtu wa tamthilia: mpishi wa shule, dada, jirani, kila mmoja na kichekesho chake. Wape sini moja ya pamoja, kisha gari liondoke.

Kati ya ukurasa wa 45 na 50, deni kubwa lionekane kama limelipika. Anachokitaka kipo mkononi, au anadhani kipo. Kuanzia hapo hadi ukurasa wa 70 kila mhusika atumie ushindi huo vibaya. Kisha, ukurasa wa 70 hadi 75, urafiki uvunjike, na uvunjike kwa maneno ambayo yangeweza kusemwa siku yoyote ndani ya tamthilia nzima lakini yalizuiwa na mzaha. Hii ndiyo sini ngumu kuliko zote na ndiyo inayobeba filamu. Usiweke kichekesho ndani yake kwa kurasa mbili nzima. Waigizaji wa vichekesho wataomba kuongeza kimoja ili kupunguza uzito. Kataa kwa upole, lakini kataa.

Kichekesho kinachomwokoa mhusika na kinachomwanika

Kwenye runinga, kichekesho ni mlango wa dharura. Mambo yakimbana mhusika, anasema neno, tunacheka, sini inakatika, ameokoka. Kwenye filamu, kuanzia katikati, milango hiyo ifungwe mmoja mmoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kheri, kwenye tamthilia, kila wiki anajisifu kwamba mjomba wake ana gesti Pangani. Wenzake, akiwemo Tunu, wameshazoea. Kwenye filamu wamemaliza mtihani, wamechanga nauli, wamefika saa tatu usiku na mabegi. Getini amekaa mzee kwenye kiti cha plastiki, ana redio.

KHERI: Shikamoo, babu.
MZEE: Marahaba. Mnatoka wapi na mizigo yote hiyo?
KHERI: Dar. Sisi ni jamaa wa mwenye nyumba.
MZEE: Mwenye nyumba ni mimi.

Tunu anashusha begi lake chini.

Rasimu ya kwanza ya sini kama hii huwa na mstari mmoja zaidi. Kheri anapaza sauti: "Basi wewe ndiye mjomba!" Mstari huo unachekesha kweli, na kwenye episodi ungeubakiza, kwa sababu unamwokoa. Watu wangecheka, mzee angecheka, na kesho Kheri angedanganya tena. Kwenye filamu uondoe. Ukiondoka, kinachobaki ni begi linaloshuka chini, na vitu vitatu vimetokea kwa pamoja: uongo wa misimu mitatu umedaiwa, hawana pa kulala, na Tunu ameamua jambo ambalo hatulijui bado. Mtazamaji bado anacheka, ila kicheko chake kimeshikwa na wasiwasi wa kitakachofuata.

Pitia kurasa zako kuanzia wa 45 na upige mstari chini ya kila kichekesho kinachomtoa mhusika kwenye tabu. Kila kimoja kifute au ukihamishie kabla ya ukurasa wa 40. Vitakavyobaki viwe vya aina nyingine, vinavyomzamisha zaidi. Simon kuuza nguo zake ni cha aina hii: ni upuuzi, tunacheka, na matokeo yake yanamfuata hadi mwisho.

Kuna na suala la ukumbi. Nyumbani mtu hucheka peke yake kwa sekunde moja. Ukumbini watu mia wakicheka, mstari unaofuata hausikiki. Baada ya kila kichekesho kikubwa acha sekunde mbili tatu za kitendo kisicho na habari muhimu: mtu anafunga mlango, anatafuta kiatu, anamtazama mwenzake. Ukiweka jina la mtaa au saa ya kukutana hapo, nusu ya ukumbi haitajua hadithi inakwenda wapi. Kwa hiyo wingi wa vichekesho pia unapungua. Episodi inaweza kubeba vitatu kwa ukurasa. Filamu kwa wastani iende na kimoja au viwili, na ziwepo kurasa zisizo na hata kimoja.

Vichekesho vinavyorudiwa kila wiki, yale maneno ambayo mashabiki huyatamka kabla ya mwigizaji, vipe nafasi mbili tu. Mara ya kwanza kama walivyozoea, ndani ya kurasa 20 za mwanzo. Mara ya pili, maneno yaleyale yatamkwe na mtu mwingine au mahali ambapo yanauma. Mara ya tatu ni kuomba makofi.

Watu wapya, na aliyekosekana

Wavulana wanne wa The Inbetweeners walikutanishwa na wasichana wanne: Alison, Lucy, Lisa na Jane. Hesabu hiyo ni ya makusudi. Kila mmoja anapata mtu ambaye hajui historia yake na hacheki kwa mazoea. Jay, mwenye majigambo kuliko wote kuhusu wasichana, anakutana na Jane, na anaona aibu mbele ya wenzake kwa sababu ya unene wa Jane, ingawa anampenda. Deni la Jay linadaiwa hapo, bila hotuba.

Mtu mpya asiandikwe kama tuzo. Kila mmoja awe na shida yake iliyoanza kabla hajakutana na wahusika wako. Alison alikuwa na mchumba wake Mgiriki, Nicos, na uhusiano wao una mwisho wake. Mpime mtu mpya hivi: futa wahusika wakuu wote kwenye muhtasari. Bado ana la kufanya likizo hiyo? Kama hana, yeye ni pambo.

Mara nyingine mwigizaji muhimu hayupo. Ana mkataba kwingine, amekataa, amegombana na watayarishaji. Miranda, rafiki mkubwa wa Lizzie kwenye tamthilia, hayumo kwenye filamu. Sababu iliyotolewa ni kwamba yuko Mexico City na familia yake, basi, hadithi ikaendelea. Fanya hivyohivyo. Sentensi moja, mapema, itamkwe na mtu anayemkumbuka kwa upendo. Kumuua nje ya picha au kumtafutia mwigizaji mwingine kutakugharimu kurasa ambazo huna.

Alama ya tamthilia

Will husimulia. Lizzie ana kikatuni chake kinachosema yale asiyothubutu kuyatamka. Karibu kila tamthilia ya vijana ina kitu kama hicho, na filamu isiyo nacho mashabiki wataiona ngeni. Kibakize, lakini usikitumie kama mkongojo. Sauti ya msimulizi ifungue filamu, ivushe muda pale siku tatu zinapopita, na inyamaze kabisa kwenye sini ya urafiki kuvunjika. Njia rahisi ya kujua kama umezidisha: chapisha skripti bila maneno ya msimulizi na umpe mtu asome. Akielewa hadithi, msimulizi ni kiungo. Asipoelewa, kuna sini ambazo hujaziandika, umezisimulia tu.

Haki, umri na daraja

Haya yapitiwe haraka, ila yasirukwe. Kabla ya ukurasa wa kwanza, pata kwa maandishi ruhusa ya mwenye tamthilia kutumia majina ya wahusika, jina la tamthilia na muziki wake. Mara nyingi muziki una mwenyewe mwingine, na ndio unaosahaulika. Tanzania, kibali cha kushuti kinatoka Bodi ya Filamu, na wataomba skripti. Kenya, bodi ya kuainisha filamu huweka madaraja ya GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18. Amua daraja lako kabla ya kuandika, si baada ya kuhariri. Filamu kuhusu watu wa miaka 16 ikipewa 18, wenyewe hawataruhusiwa kuiona.

Waigizaji wa tamthilia huwa wamekua kuliko wahusika wao. Simon Bird, aliyecheza Will, alizaliwa mwaka 1984, maana yake alikuwa na miaka 26 akicheza kijana aliyemaliza shule. Kwa vichekesho vya mapenzi hilo ni jema, na liwe sharti: hakuna mwigizaji chini ya miaka 18 kwenye sini yoyote ya mwili au ulevi, hata kama mzazi ametia sahihi. Kwa tamthilia ya watoto, elekeza vichekesho kwenye aibu, uongo, chakula, pesa na watu wazima wasioelewa. Lizzie ilijaza dakika 94 bila kuhitaji zaidi ya busu moja.

Mwisho ambao hautafutwi

Sini ya mwisho isiwarudishe wahusika kwenye kochi lao la tamthilia. Waonekane wakiondoka, au wakifanya kwa mara ya kwanza kitu ambacho tamthilia nzima walishindwa.

Kisha kuna kishawishi cha filamu ya pili. Ile ya The Inbetweeners ya mwaka 2014, iliyowapeleka Australia, ilipata watazamaji wengi. Lakini ili kuirudisha ile hali ya wavulana wanne wasiojiweza, ilibidi Lucy, yule aliyekuwa malipo ya deni la Simon, ageuzwe kuwa mchumba wa kutisha anayepaswa kukimbiwa. Aliyeipenda ile ya kwanza anajikuta ameambiwa kwamba alichokifurahia hakikuwa na maana. Kama kuna uwezekano wa kuendelea, acha tangu mwanzo deni moja dogo bila kulilipa, la mhusika ambaye si kiongozi wa hadithi, na liandike kwenye daftari ili lisiguswe kwenye rasimu zinazofuata.

Kusoma kwa sauti kabla ya kamera

Rasimu ya pili ikiisha, kusanya watu wanane: wanne wanaoijua tamthilia na wanne wasioijua, wakae wamechanganyika. Waigizaji wasome kwa sauti, mtu mmoja asome maelezo ya vitendo, na mwandishi akae nyuma bila kusema neno. Shikeni saa. Usomaji ukizidi dakika 105, filamu ni ndefu.

Simamisha ukurasa wa 15. Wale wanne wageni waandike kwenye karatasi jina la kila mhusika mkuu na anachotaka. Wawili wakikosea kwa mhusika yuleyule, sini yake ya kwanza haifanyi kazi, na usijibu kwa kuongeza maelezo: badilisha kitendo. Simamisha tena ukurasa wa 70 na waulize wanaoijua tamthilia wanafikiri itaishaje. Wote wakipatia, mwisho wako ni wa episodi. Wote wakikosa kabisa, ulisahau kupanda mbegu kati ya kurasa za 25 na 50.

Wakati wote huo mwandishi aweke alama pembeni mwa ukurasa: duara pale wageni na mashabiki walipocheka pamoja, msalaba pale mashabiki walipocheka peke yao. Misalaba ikizidi kumi, rudi kwenye skripti na uchague kumi ya kubakiza. Mingine iondoke hata kama ndiyo uliyoipenda, kisha uwaite watu wengine wanane, si walewale, msome upya.